Krediti ya kodi ya filamu: piga hesabu kabla ya kutia sahihi na studio ya ng'ambo

Studio ya Vancouver, Kanada, ikikuambia inarudishiwa asilimia 36, usiikimbize asilimia hiyo kwenye bajeti yako ya Lubumbashi. Krediti ya kodi, yaani pesa ambayo serikali humrudishia aliyetengeneza filamu, huhesabiwa juu ya pesa iliyotumika kwao, na mara nyingi juu ya mishahara peke yake. Dola uliyoilipa hapa Lubumbashi, pale Kamalondo, hairudishiwi na mtu. Kwa hiyo, kamera haijawashwa bado, amua kazi gani itafanyika hapa na ipi itavuka bahari.

Tuchukue British Columbia, jimbo la Kanada ambamo Vancouver iko, lenye studio nyingi za katuni na picha za kompyuta. Filamu ya kigeni iliyoanza kupigwa tarehe 1 Januari 2025 au baadaye hurudishiwa na jimbo asilimia 36 ya mishahara ya wakazi wake. Serikali kuu ya Kanada nayo ina asilimia 16 yake. Wengi hujumlisha wakapata 52, na hapo ndipo bajeti inapoharibika, kwa sababu serikali kuu huondoa kwanza kile ambacho jimbo limetoa. Mishahara ikiwa dola 400,000 za Kanada, jimbo linatoa 144,000. Zinabaki 256,000, na asilimia 16 yake ni 40,960. Jumla ni 184,960. Aliyeandika 52 alitegemea 208,000. Dola 23,040 zitamkosa wakati wa kuchanganya sauti, mfuko umeshakauka.

Halafu uliza: mishahara ya nani? Jimbo linamtambua mtu aliyekuwa mkazi wake tarehe 31 Desemba kabla ya mwaka wa kodi unaodaiwa kuisha. Fundi wa kamera unayemtoa Lubumbashi kwa viza ya miezi miwili hahesabiwi, hata akilipwa kule kule. Lakini mtoto wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliyehamia Vancouver zamani anahesabiwa sawa na jirani yake, maana kinachotazamwa ni makao. Studio ijaze fomu ya ukazi ya kila mfanyakazi siku yake ya kwanza kazini. Ukingoja mwisho, nusu ya watu wamekwisha kuhama.

Anayedai krediti ni kampuni yenye ofisi kule. Ni lazima iwe na hakimiliki ya filamu, au iwe na kontra ya moja kwa moja na mwenye hakimiliki. Hapa tunasisitiza sana. Kama haki ziko kwa kampuni yako ya Lubumbashi, tia sahihi wewe mwenyewe na studio. Ukimweka katikati mtu wa Brussels au Paris asiye na haki yoyote, naye akasaini kwa jina lake, mnyororo umekatika na dai linaweza kukataliwa lote.

Kuna pia kizingiti. Filamu igharimu zaidi ya dola 1,000,000 za Kanada. Kwa tamthilia za mfululizo, zaidi ya 100,000 kwa kipindi kisichofika dakika 30, na zaidi ya 200,000 kwa kilicho kirefu kuliko hapo. Kinachopimwa ni gharama ya kazi nzima ndani ya miezi 24 tangu upigaji picha uanze. Ndiyo sababu karatasi za Lubumbashi zina thamani: hazizai krediti, lakini ndizo zinazothibitisha kwamba umevuka kizingiti.

Angalia karatasi ya jeep iliyokwenda Kolwezi. Iliyoandikwa kwa kalamu «transport 300 $», bila jina wala tarehe, mkaguzi anaiweka pembeni. Nzuri inaonyesha jina la mwenye gari, namba ya RCCM (daftari la biashara) na namba ya kodi, tarehe, siku ngapi, kutoka wapi hadi wapi, jina la filamu, bei, na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ikiwa imetengwa kama inatozwa. Ukilipa kwa faranga, andika taux (bei ya kubadilisha dola) ya siku ile ile. Dereva asiye na RCCM mwandikie kontra ya ukurasa mmoja, weka kopi ya carte d'électeur, mlipe kwa M-Pesa au Airtel Money, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Karatasi za joto za duka hufifia upesi; zipige picha jioni ile ile.

Cheti cha kwamba filamu inastahili krediti, cha jimbo hutolewa na shirika la Creative BC, cha serikali kuu na ofisi yake ya vyeti vya filamu, CAVCO. Baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, studio hupeleka dai kwa mamlaka ya kodi ya Kanada, fomu T1197 kwa jimbo na T1177 kwa serikali kuu.

Ufaransa wana mtindo mwingine. CNC, shirika la serikali la filamu, huidhinisha asilimia 30 ya gharama zinazokubalika, si mishahara tu, lakini kwa filamu za kuigiza na katuni, dokumenteri haiingii. Gharama zinazokubalika zifike angalau euro 250,000, au nusu ya bajeti kama bajeti yote iko chini ya 500,000. Na pesa iliyotumika kabla ombi halijafika CNC haihesabiwi. Peleka faili kwanza, ndipo ukodi studio.

Watengeneza michezo ya kompyuta watazame Ontario, jimbo jingine la Kanada: asilimia 40 kwa bidhaa ya kampuni yenyewe, 35 kwa kazi ya kuagizwa.

Popote utakapokwenda, pesa hii huja baada ya kazi kuisha. Studio hukopa benki ikiweka krediti kama dhamana, na riba inakula sehemu yake. Kontra iseme nani anabeba riba, asilimia ngapi ya krediti inaingia kwenye filamu yako, kwa sarafu gani, na nani anafidia mamlaka ya kodi ikipunguza dai. Iseme pia kwamba ndani ya siku 10 za kazi tangu pesa ifike, studio itume sehemu yako kwenye akaunti yako ya dola ya Lubumbashi, pamoja na kopi ya barua ya mamlaka inayoonyesha kiasi kilichokubaliwa.