Somo: Mfumo endeshi gani unafaa laptopu ndogo yenye RAM ya GB 2 au 4?

Kinachoamua ni RAM (kumbukumbu ya kazi), prosesa na diski. Uzuri wa skrini utauangalia baadaye.

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause. Andika kiasi cha RAM, na kama prosesa ni ya biti 64. Angalia na diski: laptopu nyingi za aina hii zina eMMC (diski ya chipu) ya GB 32 iliyochomelewa kwenye bodi, kwa hiyo usihesabu kuja kuibadilisha.

2. Chagua. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), mwenye GB 32 ameshatoka hapo. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa GB 4 weka Linux Mint, mfumo wa bure, toleo la Xfce (mwonekano mwepesi). Toleo lake la Cinnamon linapendeza lakini linakula RAM zaidi. ChromeOS Flex, mfumo wa Google, inafaa ikiwa kazi zako zote ziko kwenye brauza, ila programu za Android haiendeshi. GB 2: Lubuntu, Linux nyepesi. Chini ya hapo, au prosesa ya biti 32: antiX 23, Linux nyepesi zaidi.

3. Pakua ISO (faili la kusakinishia mfumo uliouchagua), uichome kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Ukilinakili faili la ISO kama unavyonakili picha, laptopu haitawaka nalo. Vilivyomo kwenye flashi vitafutika.

4. Washa kupitia flashi, usisakinishe kwanza. Jaribu waifai, sauti na padi. Funga kifuniko, fungua, uone kama inaamka. Hatua hii wengi huiruka, kisha hugundua waifai haishiki wakati diski imeshafutwa. Fungua tabo tano, kisha kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) andika `free -h` usome safu ya "available". Usishtuke ikiwa ndogo: ukiendesha kutoka flashi, mfumo wenyewe hukaa kwa sehemu ndani ya RAM.

5. Ukiridhika, hamisha mafaili yako, sakinisha.

Maswali

*Prosesa ni Atom ya biti 64, mbona flashi haionekani kwenye menyu ya kuwashia?*
Baadhi ya laptopu za Atom (prosesa ndogo ya Intel) zina UEFI, programu inayowasha laptopu, ya biti 32. Fungua folda ya EFI/BOOT kwenye flashi. Ikiwa kuna bootx64.efi peke yake, bila bootia32.efi, UEFI hiyo haina cha kuwasha. Tafuta ISO yenye faili hilo la pili.

*Nimeweka Lubuntu, bado inaganda nikifungua tabo nyingi.*
Mfumo mwepesi haupunguzi uzito wa kurasa. Weka uBlock Origin kwenye Firefox, kisha kwenye terminal andika `sudo apt install zram-tools`; ndani ya /etc/default/zramswap andika PERCENT=50, uwashe upya. RAM itabanwa badala ya kumwagwa kwenye eMMC, ambayo ni ya polepole.

*Windows na Mint pamoja kwenye GB 32?*
Hapana. Mint peke yake inataka GB 20, na Windows itakwama kwenye sasisho kubwa la kwanza.