Kulitia Jambia la Kale Mpini Mpya

Hapa Lamu, bwana harusi akishavaa kanzu, joho na kilemba, kinachobakia ni jambia, kisu kipana kilichopinda, nalo huchomekwa mbele kiunoni, ambapo bapa hufichwa na ala na kinachoonekana na wageni wote ni mpini. Ala ikichakaa hushonwa upya, bapa hudumu likitunzwa, lakini mpini hupasuka, hulegea au huliwa na jasho na hewa yetu ya chumvi, ndiyo maana jambia lililopita mikono ya watu wawili watatu huwa nadra kubaki na mpini wake wa kwanza. Maelezo haya ni kwa mtu aliyenunua au kurithi jambia la namna hiyo na anayetaka kulitia mpini utakaomkaa mkononi. Nimeifanya kazi hii kwa majambia kadhaa ya jamaa zangu, na sharti moja nimelishika tangu lile la pili: ninachokifunga lazima kiweze kufunguliwa, na mimi au na atakayelirithi, bila ya kulidhuru bapa. La kwanza nililifunga kwa gundi ya kisasa, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Mpini ulipopasuka mwaka uliofuata ulikataa kutoka, nikalazimika kuuvunja vipande vipande kwa patasi, na mikwaruzo ya patasi ile ipo hadi leo juu ya msuka, yaani ule ulimi wa chuma wa bapa unaoingia ndani ya mpini.

Kabla ya kushika chombo chochote, jua mpini wa zamani umetengenezwa kwa kitu gani. Majambia mengi ya thamani yaliyotoka Yemen yalitiwa mipini ya pembe ya kifaru, na mahitaji hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowamaliza vifaru wa Kenya, ambao walikadiriwa kufika 20,000 hivi mwaka 1970 na kubaki mia chache tu kufikia mwisho wa miaka ya 1980. Biashara ya kimataifa ya pembe hiyo ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki nyara kama hiyo bila kibali. Kusema kwamba ni urithi wa babu si kibali.

Pembe ya kifaru haina mfupa ndani yake. Ni nyuzi zilizoshikana mfano wa nywele, hivyo ukiutazama mpini kwa kioo cha kukuzia utaona mistari myembamba inayokwenda kwa urefu, na pale ilipokatwa kikingama utaona vitone vidogo vilivyosongamana. Pembe ya ndovu iliyokatwa kikingama huonyesha mistari inayopishana kama wavu, na mfupa huonyesha vitundu vidogo vyeusi. Ukiziona dalili za pembe ya kifaru au ya ndovu, simamisha kazi, usiuze na usiupeleke mpini kwa sonara, bali wafikie watu wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, uwaeleze ulichonacho. Vilevile, chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale na hakitolewi nje ya nchi bila ruhusa. Ikiwa unadhani jambia lako lina umri huo, lipeleke kwanza Makumbusho ya Lamu, pale ufuoni, wakalitazame kabla hujalibadilisha lolote.

Ikiwa mpini ni wa mti au wa pembe ya ng'ombe na umelegea tu, usiubadilishe. Ufungue, usafishe tundu lake, kisha uufunge tena kwa namna nitakayoeleza chini. Mpini wa zamani uliong'arishwa na viganja vya watu una rangi ambayo msasa hauwezi kuileta, na mimi huona hasara kuutupa kwa sababu ya ufa mdogo unaoweza kuzibwa.

Kuufungua si kazi ya nguvu. Msuka wa jambia ni mfupi, na kinachoushika ndani ya mpini kwa kawaida ni utomvu uliomiminwa ukiwa moto, kwa hiyo joto ndilo litakaloufungua. Toa kwanza noleo, yaani ile pete ya madini mwisho wa mpini upande wa bapa, na vipande vya fedha ikiwa vimefungwa kwa misumari midogo, ukivinyanyua kwa kijiti cha mti mgumu na si kwa bisibisi, kisha uvitie ndani ya kikopo na kuvichora mahali kila kimoja kilipokuwa. Chemsha maji, yatie ndani ya chombo kirefu, na utumbukize bapa peke yake huku mpini ukibaki juu. Joto litapanda kupitia chuma hadi kwenye msuka. Baada ya dakika kadhaa lifunge bapa kwa ngozi nene, ushike mpini kwa mkono wa pili na uuvute huku ukiutikisa kidogo kidogo. Usipotoka, rudia kwa maji mapya. Maji yanayochemka hayaharibu ugumu wa chuma, lakini moto wa gesi au wa makaa ukilipiga bapa utaulegeza, na bapa lililolegezwa halirudi lilivyokuwa ila kwa mhunzi. Likishatoka, likaushe mara moja na kulipaka mafuta, kwa kuwa hapa kwetu kutu haingoji kesho.

Sasa mti. Ninaoupenda kuliko yote ni mpingo, mzito hata huzama majini, na ukisuguliwa hung'aa wenyewe bila rangi. Una mabaya mawili: ukikauka haraka hupasuka, na vumbi lake huwasha ngozi na kukera kifua, basi funika pua na mdomo unapoupiga tupa. Kipande kibichi kipake nta kwenye ncha zote mbili na ukiweke kivulini kwa miezi mingi. Mkomafi, mmoja wa mikoko, una wekundu mzuri na huchongeka kwa urahisi zaidi, ila ununue kwa mwenye kibali cha kukata mikoko. Mwarubaini ni mwepesi na unafaa kwa mpini wa kujifunzia. Niliwahi kuuziwa kipande nilichoambiwa ni mpingo, kumbe ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Tangu siku hiyo huwa nakwangua kwa kisu upande wa chini, kisha nakitia kipande ndani ya ndoo ya maji mbele ya muuzaji, na kisichozama nakirudisha.

Toboa tundu kabla ya kuchonga umbo, wakati kipande bado kina pembe nne na kinakaa vizuri katika jiriwa, chombo cha kubania. Msuka ni mpana na mwembamba, na tundu la keekee, chombo cha kutobolea, ni duara, kwa hiyo toboa matundu mawili au matatu madogo yaliyopangana, kisha uyaunganishe kwa tupa nyembamba. Hapa ndipo kazi inapotengenezeka au kuharibika, na hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko penginepo. Washa mshumaa, upitishe msuka juu ya moshi wake haraka haraka hadi uwe mweusi kwa masizi, uuingize ndani ya tundu bila ya kuulazimisha, kisha uutoe. Chungulia ndani kwa tochi. Pale palipopata alama nyeusi ndipo panapogusa, basi papunguze kidogo kwa tupa, uutie masizi tena na ujaribu tena. Jambia la ami yangu lilinichukua asubuhi nzima na majaribio zaidi ya ishirini, lakini mwishowe msuka uliingia wote, mabega ya bapa yakakaa juu ya mti bila ya mwanya wowote wa kupitisha ukucha. Huko ndani kabisa acha nafasi kidogo kwa ajili ya utomvu.

Umbo la jambia linajulikana: juu pana, katikati kiuno, chini pana tena pale panapokutana na noleo. Kipime kiuno kwa mkono wa atakayelivaa, si kwa picha. Kidole cha shahada na kidole gumba vikutane bila ya kujikaza, na upana wa chini usizidi mdomo wa ala, la sivyo jambia halitakaa sawa mshipini. Chonga kwa tupa, malizia kwa msasa mkali kisha laini, ukifuata urefu wa nyuzi za mti.

Kwa kuufunga, mimi huyeyusha pamoja mafungu manne ya utomvu mkavu wa msonobari, fungu moja la nta ya nyuki na fungu moja la unga wa tofali uliochekechwa. Wengine husifu sandarusi, utomvu mgumu wa pwani yetu, lakini huhitaji moto mkali mno kuyeyuka, na ikipoa huvunjika kama kioo, hivyo naiacha kwa kazi ya vanishi. Tumia moto mdogo na usiondoke, kwani mchanganyiko huu hushika moto. Pasha msuka kwa maji kama ulivyofanya mwanzoni, ukaushe, mimina utomvu ndani ya tundu hadi karibu na mdomo, kisha usukume msuka ndani kwa mwendo mmoja na uhakikishe bapa limenyooka kabla haujaganda. Utakaomwagika utabanduka wenyewe ukishapoa.

Mwisho pake mafuta ya kitani mara tatu, kila mara kwa tabaka jembamba na kwa siku moja ya kukauka, halafu nta. Mafuta ya nazi hayakauki na huacha mpini ukinata, na sifa, yale mafuta ya samaki ya kupakia majahazi, haifai kabisa kwa harufu yake. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kitandaze nje hadi kikauke, usikikunje, kwani kinaweza kushika moto chenyewe. Rudisha vipande vya fedha katika matundu ya misumari mipya, na kazi ya njumu, ile ya kutia nakshi za madini ndani ya mti, mwachie sonara. Kisha lichomeke jambia ndani ya ala na ulichomoe mara kumi polepole. Likikwama popote, kinachopunguzwa ni mti wa mpini, wala si mdomo wa ala.