Namna ya Kujifunza Msamiati wa Juu wa Kiingereza na Kuumudu

Mtu aliyejifunza Kiingereza kwa miaka kadhaa hufika mahali ambapo mazungumzo ya kawaida hayamsumbui tena, lakini akifungua tahariri ya gazeti, mkataba au makala ya kitaaluma hukwama karibu katika kila aya. Wengi wakifika hapo hukimbilia orodha za maneno magumu zenye tafsiri ya neno mojamoja kando yake, huzikariri kwa wiki mbili tatu, kisha hugundua kwamba hawawezi kuyatumia maneno hayo bila kuchekesha watu. Kosa si la kumbukumbu zao. Maana ya neno la ngazi ya juu haikai ndani ya neno lenyewe tu, bali hukaa pia katika maneno linaloandamana nayo, katika mahali linapostahili kutumiwa, na katika sifa au lawama linayobeba. Na mambo hayo matatu ndiyo ambayo orodha ya tafsiri huyaacha nje.

Mimi nililitambua hilo kwa aibu. Katika barua rasmi niliyoandika nikiwa mwanafunzi, nilimsifu mwalimu wangu kuwa ni “notorious”, kwa kuwa daftari langu lilisema neno hilo maana yake ni mashuhuri. Kweli ni mashuhuri, ila kwa ubaya: huitwa hivyo jambazi, tapeli, au kona ya barabara inayojulikana kwa ajali. Barua ilinirudia ikiwa na duara la wino mwekundu kulizunguka neno hilo, bila maelezo yoyote.

Kuchagua maneno

Hakuna anayeyajua maneno yote ya Kiingereza, wakiwamo waliozaliwa nacho, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji kujua familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000 ili aelewe asilimia 98 ya maneno anayokutana nayo katika riwaya au gazeti bila msaada. Familia hapa ni neno pamoja na wanawe: “decide”, “decision”, “decisive” na “indecisive” huhesabiwa kuwa familia moja, kama vile soma, somo, msomaji na usomaji zinavyotokana na shina moja. Asilimia 98 maana yake ni neno geni moja katika kila maneno 50. Kipimo hicho kinafaa hata nyumbani: chukua ukurasa wenye maneno kama 300, uhesabu yale usiyoyajua. Yakiwa sita au chini ya hapo, soma kwa raha zako. Yakizidi kumi na tano, maandishi hayo ni mazito mno kwako kwa sasa, na utatumia muda mwingi katika kamusi kuliko katika kusoma.

Kabla ya kuwinda maneno adimu, hakikisha umeyamaliza yale yanayofanya kazi kila siku katika maandishi ya kitaaluma. Averil Coxhead wa chuo kikuu cha Victoria kilichopo Wellington alichapisha mwaka 2000 orodha ya familia 570 ambazo hujitokeza katika fani nyingi, kuanzia sheria hadi sayansi, na ambazo kwa pamoja huchukua takriban asilimia 10 ya maneno yote ya maandishi hayo. Humo kuna “assume”, “derive”, “constitute”, “significant” na mengine ya aina hiyo. Si maneno ya kujionyesha nayo, lakini ndiyo yanayobeba hoja, na anayeyaruka ili akakariri neno la silabi saba anaezeka nyumba kabla ya kusimamisha nguzo.

Baada ya hapo, acha usomaji wako wenyewe ukuletee maneno. Kanuni ninayoifuata ni nyepesi: neno likijitokeza mara moja nalipita, likijitokeza mara ya pili ndani ya wiki mbili naliandika. Neno linalorudi ni neno utakalolihitaji.

Kulichunguza neno moja

Tuchukue “mitigate”. Kamusi ya tafsiri itakuambia ni kupunguza, na hapo ndipo matatizo huanza, kwa sababu kwa Kiswahili tunapunguza kila kitu: bei, mwendo, chumvi, uzito, idadi ya wageni. Kwa Kiingereza huwezi kutumia “mitigate” kwa bei wala kwa mwendo. Hayo yana “reduce”. Neno hili hufuatwa na jambo lenye madhara: “mitigate the risk”, “mitigate the damage”, “mitigate the effects of drought”. Tafsiri iliyo karibu nalo ni kupunguza makali, na asili yake inaafiki, kwani limetokana na neno la Kilatini “mitis”, yaani laini au pole. Wakili anapoiomba mahakama impunguzie mteja wake adhabu kwa kuwa hilo ni kosa lake la kwanza, au kwa kuwa umri wake ni mdogo, hoja hizo huitwa “mitigating circumstances”. Na yale yanayolifanya kosa kuwa baya zaidi, kwa mfano kutumia silaha, huitwa “aggravating”. Neno lina pia jirani wa kupotosha, nalo ni “militate”, ambalo huandamana na “against” na maana yake ni kuwa kikwazo kwa jambo fulani. Hata wenye lugha yao huteleza hapo wakaandika “mitigate against”.

Maelezo hayo yote huingia katika mistari mitano ya daftari. Mstari wa kwanza ni sentensi niliyolikuta neno ndani yake, nikiinakili kama ilivyo. Wa pili ni wenzake, yaani “risk”, “damage” na “effects”. Wa tatu ni tafsiri, nayo huwa fungu la maneno badala ya neno moja: kupunguza makali ya jambo baya. Wa nne ni nomino yake, “mitigation”, na jirani wa kuhadhari naye. Wa tano ni sentensi yangu mwenyewe: “Trees will not stop the flood, but they may mitigate the damage.” Mstari huu wa mwisho ndio watu huuruka, na ndio wenye faida kubwa zaidi, kwa kuwa mpaka ujaribu kuunda sentensi hujui bado ni kitu gani hukukielewa.

Ili kuwapata wenzake wa neno, kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi inafaa kuliko kamusi ya tafsiri. Longman, kwa mfano, tangu mwaka 1978 wamekuwa wakieleza maana katika kamusi yao ya wanafunzi kwa kutumia msamiati wa msingi wa maneno takriban 2,000, kwa hiyo maelezo yenyewe hayakuongezei ugumu. Soma sentensi za mifano kabla ya kusoma maana. Ukizoea hivyo, mara nyingi maana utaikisia kabla hujaifikia.

Chunguza vilevile kama neno linasifu au linalaumu. “Thrifty” na “stingy” yote mawili husemwa juu ya mtu asiyetumia fedha ovyo, lakini la kwanza ni mwekevu na la pili ni bahili, na hakuna atakayefurahi kuitwa la pili. Jaji anapaswa kuwa “disinterested”, yaani asiyekuwa na masilahi binafsi katika kesi iliyo mbele yake. Akiwa “uninterested” ni jaji anayepiga miayo. Anayesema ndiye hufanya “imply”, akidokeza jambo bila kulitamka, na anayesikiliza ndiye hufanya “infer”, akiling’amua kutokana na alichokisikia. Jozi kama hizi zijifunze pamoja, ila usiyaingize yote mawili siku ileile. Lijue kwanza moja mpaka litulie, ndipo umlete mwenzake, la sivyo yatabadilishana nafasi kichwani kwa miaka.

Mizizi, na matabaka ya lugha

Kiingereza kiliingiliwa na Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na baadaye wasomi wakakiongezea Kilatini na Kigiriki kwa wingi. Ndiyo maana jambo moja huwa na maneno mawili au matatu yenye hadhi tofauti: “ask” ni la wenyeji, “question” limepitia Kifaransa, na “interrogate” limetoka Kilatini. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Mwanafunzi humwuliza mwalimu, mwandishi wa habari humhoji waziri, na jopo humsaili mwombaji wa kazi. Kitendo ni kimoja, lakini vitenzi havibadilishani nafasi ovyo. Ukiandika kwamba mwanafunzi “interrogated” mwalimu wake, umemweka mwalimu kizuizini. Kila unapojifunza neno la Kilatini jiulize neno fupi la wenyeji linalokaribiana nalo ni lipi, na kwa nini mwandishi hakulitumia hilo.

Tabaka hilo la Kilatini ndilo linalofanya mizizi iwe na faida. Mzizi “spect” ni wa kutazama. Ukiwekewa “retro”, yaani nyuma, unapata “retrospect”, kuyatazama yaliyopita. Ukiwekewa “intro”, yaani ndani, unapata “introspection”, mtu kuichunguza nafsi yake. Ukiwekewa “circum”, yaani kuzunguka, unapata “circumspect”, ambalo ni sifa ya mtu anayetazama pande zote kabla ya kutenda, asiyekurupuka. Vivyo hivyo “bene” ni wema, “male” ni ubaya na “vol” ni kutaka, kwa hiyo “benevolent” ni anayewatakia wengine mema na “malevolent” ni anayewatakia mabaya. Sisi tumekwisha kuzoea kusoma neno kwa vipande, kwani asomaye “hawatatusomeshea” huvunja viambishi vyake bila kufikiri.

Hata hivyo mzizi hukisia tu. “Invaluable” halina maana ya kitu kisicho na thamani, bali kitu chenye thamani isiyokadirika, na “inflammable” huandikwa juu ya kitu kinachoshika moto upesi, sawasawa na “flammable”. Kisia kwa mzizi, kisha hakiki kwa kamusi.

Kuhusu matamshi nitasema machache. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo hutuponza. Mkazo wa “photograph” uko mwanzoni, wa “photography” uko katika silabi ya pili, na wa “photographic” uko katika ya tatu, ingawa ni familia moja. “Epitome” lina silabi nne, si tatu, na herufi “b” ya “subtle” haitamkwi, sawa na ile ya “debt”, ambayo iliingizwa na wasomi ili tahajia ifanane na Kilatini ilhali watu walikuwa wakitamka bila “b”. Lisikilize kila neno katika kamusi yenye sauti siku ileile unayoliandika, kwa maana matamshi mabaya yakishazoeleka ni vigumu kuyang’oa.

Kurudia na kutumia

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua. Dawa yake ni kurudia kwa nafasi zinazoongezeka. Sebastian Leitner aliutangaza mwaka 1972 utaratibu wa kadi na visanduku: kadi mpya hukaa katika kisanduku cha kwanza na hurudiwa kila siku, ukiijibu sawasawa inahamia cha pili, ambacho hurudiwa baada ya siku kadhaa, kisha cha tatu, na kuendelea, ukikosea inarudi mwanzo, hata kama ilikuwa imefika mbali. Programu za simu kama Anki hukufanyia hesabu hiyo ya siku, lakini kadi za karatasi zinatosha kabisa.

Jambo la kuzingatia ni kile unachokiandika upande wa mbele wa kadi. Ukiandika neno lenyewe na kujikumbusha tafsiri yake, utaweza kulielewa ukilisoma, lakini halitakujia unapoandika. Andika sentensi yenye pengo na herufi ya kwanza tu, kwa mfano “The new wall may m___ the damage caused by floods”, na ujilazimishe kulitoa neno kichwani kabla ya kugeuza. Maneno matano mapya kwa siku yanaonekana machache, ila marudio yake hulimbikizana, na baada ya mwezi utakuwa na rundo la kadi linalokusubiri kila asubuhi. Binafsi nimetulia katika maneno hamsini kwa mwezi, na nikizidisha huanza kudanganya, yaani naigeuza kadi kabla sijajibu.

Unapoanza kuyatumia, weka neno jipya moja au mawili katika maandishi mamoja, basi. Ukishamaliza, yapigie mstari, ulinganishe kila moja na sentensi za mifano katika kamusi, kisha ujiulize kama neno fupi lingefanya kazi ileile. “Utilize” mara nyingi haliongezi chochote juu ya “use”, na msomaji makini huligundua pambo mapema. Neno likifaulu mtihani huo liache mahali pake, na andika tarehe kwenye kadi yake. Kadi itakayokaa miezi sita bila tarehe yoyote, wala hukukutana na neno lake popote katika usomaji wako, itoe katika kisanduku na nafasi yake ipewe neno jingine.