Namna ya Kuisoma Mali kwa Kuufuata Mto Niger

Wengi wanaotaka kuifahamu Mali huanza na orodha ya makabila na wafalme, wakachoka kabla ya kuona kinachowaunganisha. Nashauri uanze na maji. Tafuta ramani ya Afrika Magharibi, utoe penseli, uufuate Mto Niger kutoka nyanda za juu za Guinea, kaskazini-mashariki kupitia Bamako, Ségou na Mopti hadi karibu na Timbuktu, ukingoni mwa Sahara, kisha unapopinda na kuteremka hadi Gao.

Halafu chunguza majira. Baada ya Ségou mto hutawanyika katika delta kubwa iliyo bara, mbali kabisa na bahari. Mvua hunyesha zaidi kati ya Juni na Septemba, lakini maji hupita deltani polepole mno, hata kilele cha mafuriko hufika Timbuktu mnamo Desemba au Januari, kiangazi kimekwisha kushika. Kaa hapa usiharakishe, kwa sababu kalenda hii ndiyo inayoeleza maisha ya watu: Wabozo huvua samaki, Wafulani huvusha ng'ombe wao mtoni huko Diafarabé maji yanapopungua ili wakalishe malisho yaliyoachwa wazi, na wakulima, wakiwamo Wabambara, hutegemea mawele na mpunga. Usizifanye shughuli hizi kuwa sheria ya damu, maana watu huoana na kubadili kazi. Andika pia kwamba Wabozo na Wadogon, wakazi wa majabali ya Bandiagara, wana utani, na neno hilo la Kiswahili linafaa kabisa, kwani nao hutaniana bila kuchukiana.

Sasa ndipo uingize historia, kila dola mahali pake. Tahadhari moja: Ghana ya kale, dola ya Wasoninke, haikuwa katika Ghana ya leo, bali kusini mwa Moritania na magharibi mwa Mali. Sundiata Keita alishinda vita vya Kirina mnamo 1235 na kuanzisha dola ya Mali. Mansa Musa, mfalme wa Mali, alikwenda kuhiji mwaka 1324. Dola ya Songhai ilikuwa na makao yake Gao, na mfalme wake Sonni Ali aliiteka Timbuktu mwaka 1468. Jeshi la Moroko liliivunja nguvu dola hiyo huko Tondibi mwaka 1591. Msomaji wa pwani yetu ana bahati ya pekee, kwani msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alifika mji mkuu wa Mali mwaka 1352, akaudhani mto huu kuwa ni Nili. Ukisoma masimulizi yake ya safari hizo mbili pamoja, utalinganisha miji miwili ya Kiislamu kwa macho ya mtu mmoja.

Mipaka ichore mwisho. Mistari iliyonyooka ya kaskazini ilitokana na utawala wa Wafaransa, walioiita nchi hii Sudani ya Kifaransa, nayo inakata jangwa ambalo Watuareg wanaishi pande zake zote. Shirikisho la Mali, lililoiunganisha nchi hii na Senegal, lilipovunjika Agosti 1960, viongozi waliokuwa na Modibo Keïta, rais wa kwanza wa Mali, walitangaza jamhuri tarehe 22 Septemba, wakabaki na jina la dola ya Sundiata.