Usilipe ruta mbele ya kuigeuza: namna ya kuchagua ya bei ya chini yenye inakubali OpenWrt

Jina lenye limeandikwa kwa karatoni halitoshi. Chenye unatafuta kiko chini ya ruta, mu tumbo yake, kwa etiketi ndogo nyeupe yenye kuwa na kodi ya waifai, na pale pembeni kumeandikwa Ver na namba. Ile namba njo inaamua kama utaweka OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, ao utabaki tu na ile ya kiwanda.

Nilijifunza ile ku soko ya Kadutu, hapa Bukavu. Nilinunua TP-Link TL-WR841N juu nilikuwa nimesoma kama inakubali OpenWrt, nikafika nyumbani Nguba, nikaigeuza, nikakuta Ver 14. Nilifurahi hata, nikasema namba kubwa njo mpya, na mpya njo bora. Kumbe version 13 ilikuwa na flashi (pahali programu inakaa) ya mega 8 na RAM (memori ya kufanyia kazi) ya mega 64, halafu version 14 wakarudisha chini, flashi 4 na RAM 32. Karatoni ileile, antena zilezile, jina lilelile, lakini OpenWrt ya siku hizi haiwezi kuingia mule. Ule muuzaji hakunidanganya, hakujua, na mimi sikuuliza.

Juu ya nini tunajisumbua na hii programu? Ruta nyingi za bei ya chini, kiwanda kinaziacha mbio, miaka michache tu na hakuna tena apdeti, tundu za usalama zinabaki wazi na ruta bado nzima. OpenWrt ilianza 2004, kutoka maandishi ya programu ya ruta Linksys WRT54G, yenye ilibidi yatolewe wazi juu yalikuwa yamejengwa na Linux, yenye leseni yake inaomba vile, na mpaka leo watu wanaendelea kuitengeneza na kutoa version mpya. Ruta yenye kiwanda kimeisahau inaweza kuishi miaka mingine mingi.

Sasa namba zenye utaweka mu kichwa: flashi mega 16, RAM mega 128. Chini ya pale usinunue kama ni pesa yako ya sasa. Yenye 8 na 64 inaweza kuwaka, lakini OpenWrt wenyewe wanaonya kama haina nafasi, ukitaka kuongeza kitu kidogo tu inajaa. Ya 4 na 32 acha kabisa, hata kama wanakuuzishia bei ya mkate.

Halafu chipu. MediaTek na Qualcomm Atheros, mara nyingi uko sawa. Broadcom, pita mbali, hawajafungua draiva zao (programu ndogo za kuendesha chipu) za waifai, unaweza kuweka OpenWrt vizuri kabisa na waifai isiwake ao iwake kwa shida. Kuko programu zingine kama OpenWrt, FreshTomato na DD-WRT, zenye zinaendesha Broadcom kadhaa, lakini kama ni mara yako ya kwanza usianzie huko.

Vile nafanya mu butiki: mbele ya kutoka nyumbani nafungua openwrt.org, naingia mu jedwali yao ya mashini zenye zinakubaliwa, naseva ukurasa kwa simu juu nisimalize mega nikiwa njiani. Nikifika namwambia kwa heshima, papa, naomba tufungue karatoni niangalie chini. Karibu wote wanakubali. Nawasha tochi ya simu, nasoma modeli na version, nalinganisha herufi kwa herufi. Archer C7 na Archer C6, zote za TP-Link, hazifanani, na Archer C7 yenyewe unatafuta v2, v4 ao v5, zote ziko na 16 na 128. Akikataa kufungua, namshukuru naenda kwa mwingine.

Zenye ningependekeza: Archer C7 ya okazyo bado ni nzuri, kubwa kidogo lakini ya nguvu. Xiaomi Mi Router 4A Gigabit iko na chipu ya MT7621 na bei yake si mbaya, lakini angalia neno Gigabit liwepo juu kuko ingine 4A ya kawaida, na kuibadilisha programu si kubonyeza tu, inaomba skripti (amri za kuendesha kwa kompyuta), kwa mtu wa kwanza inachosha. Cudy WR3000 ya v1 ni waifai 6, RAM mega 256, na Cudy wenyewe wanatoa faili ya kuvukia kwenda OpenWrt, hiyo njo ningeagiza kama kuko mtu anatoka Kigali ao Dubai. Na kwa mwenye pesa kidogo sana, GL.iNet Mango, kiboksi kidogo cha njano kinajaa mu kiganja, 16 na 128, programu yake tangu kiwandani imejengwa juu ya OpenWrt. Haina 5 GHz, waifai ya mbio zaidi, iko tu na 2.4 GHz yenye inapita ukuta vizuri zaidi, lakini inakula volti 5 kwa waya ya USB ndogo.

Ile volti 5 kwetu hapa Bukavu si jambo dogo. Delestaje inakuja, wanakata umeme, ruta inazimika, na antena ya mtandao kule juu ya kilima bado inafanya kazi. Mango unaichomeka kwa pawabanki na kazi inaendelea. Zingine soma kwa shaja yake: ya 9V unatafutia kifaa cha kubadilisha, ya 12V inaweza kukaa kwa batri ya solea lakini weka regileta ya kushikilia volti 12 katikati, batri ikiwa inachajiwa inapanda mpaka 14 na zaidi, na hakikisha plasi na mainasi ziko upande yake.

Angalia tena kama kuko tundu ya USB. Wengi wetu intaneti inatoka kwa simu ao modemu ya 4G, si kwa kable. Ukiwa na OpenWrt na USB, unachomeka simu ya Android, unaongeza pakiti ya kmod-usb-net-rndis, na nyumba yote inapata. Vile viruta vya 4G vyenye kampuni za simu zinauzisha na forfe, vingi vimefungwa, usivinunue kwa hii kazi.

Nyumba pia inaongea. Mu nyumba ya mbao 5 GHz inapita bila shida, mu matofali inachoka ukuta wa pili, pale 2.4 inasaidia, na kama vyumba vimetenganishwa na mabati hakuna kitakachopita, pale kuhamisha ruta njo dawa.

Siku ya kuweka, tumia kable kati ya ruta na kompyuta, usitumie waifai. Mara ya kwanza unachukua faili yenye jina factory, ya sysupgrade ni ya kupandisha version nyuma yake, soma ukurasa wa modeli yako mbele. Na ruta iwe kwa batri, kabisa! Umeme ukikatika katikati ya kuandika flashi unaweza kubaki na plastiki tu. Ikimaliza, fungua 192.168.1.1, usishituke waifai ikiwa imezimwa na hakuna kodi, njo inatoka vile. Weka kodi ya root (msimamizi wa ruta) kwanza, nchi chagua yako, usalama WPA2, halafu njo uwashe waifai.

Ongeza pia luci-app-nlbwmon. Inakuonyesha kila kifaa kimekula mega ngapi. Kwangu giga za mwezi zilikuwa zinaisha mu siku 12 na tulikuwa tunashutumu jirani, kumbe ilikuwa televizyo ya sebuleni inajipakulia apdeti usiku sisi tukilala.