Namna ya kujipima ukimaliza shahada ya uzamili

Ukishakabidhi tasnifu yenye jalada gumu, iwe kwenye chuo cha Tengeru au cha Moshi, usingoje siku ya joho. Ndani ya wiki 2, kumbukumbu zikiwa bado mbichi, tandaza mezani pendekezo lako la kwanza la utafiti pamoja na tasnifu yenyewe. Tia alama kila swali ulilolibadilisha, uandike sababu: data hazikuliunga mkono, msimamizi alihoji, au pesa ziliisha? Hapo ndipo ukuaji huonekana, si kwenye GPA, yaani wastani wa alama. Kisha pitia maoni ya msimamizi kwa tarehe. Kosa lililojirudia mara 3 bado unalo. Wengi huandika "nimejifunza uvumilivu" wakaishia hapo. Maneno matupu! Andika tukio, ulichofanya, na ambacho ungefanya leo.