Vitenzi vya Kiingereza: nani dereva, nani makanga

Mi hufundisha tuisheni jioni huku Umoja, Nairobi, watoto wa shule na watu wazima wanaojiandaa kwa intavyu, na makosa ni yale yale. Majina ya vitenzi wameyakariri vizuri, ila kazi ya kila kimoja ndio hawajui. Shika kalamu.

Hatua ya 1: tafuta dereva na makanga (kondakta wa matatu). Kitenzi kikuu, kama go au cook, ndio dereva. Visaidizi be, have na do ni makanga (wakati mwingine hivi vitatu hukalia usukani vyenyewe, usishtuke). Sasa angalia "I didn't went", hii naipata kila wiki. Did imeshabeba wakati uliopita, makanga ameshachukua nauli, dereva hana haja ya kugeuka nyuma akuombe tena, kwa hivyo ni "I didn't go". Na msiseme Kiingereza ndio kina maringo, hata sisi twasema "nilienda" lakini tukikanusha ni "sikuenda", nani hapa husema "sikulienda"? "Does she cooks" ni kosa hilo hilo, s ikishakaa kwa does, kwa cook inatoka.

Hatua ya 2: can, could, may, might, shall, should, will, would, must. Hawa nao ni makanga, ila hawavai s na kitenzi kinachowafuata kinabaki kitupu, "he can drive". Halafu ile yetu ya "I can be able to" tuiache jamani, chagua moja, "I can" au "I am able to".

Hatua ya 3: jiulize ni kitendo au ni hali. Mtu akipika unamwona, akijua unaona nini? Vitenzi vya hali kwa kawaida havitaki -ing. Kiswahili kina "napika" na "najua", -na- ni moja, ndio maana mtu anatoka na "I am knowing". Kigeugeu ni have: "I have two brothers" ni hali, lakini "I am having lunch" ni sawa kabisa, hapo unakula.

Hatua ya 4: angalia kama kitenzi kinataka yambwa, yaani jina la kitu au mahali panapoguswa na kitendo. Umeshuka Odeon, kituo cha matatu mjini, unatuma meseji "I have reached". Reach hutaka utaje umefika wapi, "I have reached Odeon". Arrive ndio hujitosheleza, "I have arrived".

Hatua ya 5, na hii ni ya pesa: borrow na lend. Sisi tuna kopa, tukitia -esha inakuwa kopesha na pesa inageuza njia. Kiingereza hakina hiyo -esha, kinakupa kitenzi kingine kabisa, kwa hivyo si "borrow me 200", ni "lend me 200". Jirani yangu wa duka alikuwa amebandika karatasi dirishani, "We do not borrow", alitaka kusema hatukopeshi. Nikamwambia hapo umeandika wewe ndio hukopi. Akacheka sana, akasema basi hiyo karatasi ni ya uongo mara mbili.